Nimonia ya farasi: kuitambua siku ya kwanza na kuitibu mpaka iishe

Farasi jike mwekundu alishushwa kwenye lori alfajiri, Mombasa, baada ya usiku mzima barabarani kutoka Naivasha. Alikuwa amefungwa kamba fupi ili asigeuke wala asiwaume wenzake, kichwa kikiwa juu njia nzima. Alikunywa maji kidogo, akanusa pumba akaziacha. Kila mtu pale bandani, mimi nikiwamo, alisema ni uchovu wa safari. Hakuwa akikohoa. Pua ilikuwa kavu. Kipimajoto kilining'inia kwenye msumari wa stoo, na hakuna aliyekishika mpaka jioni ya siku ya pili, kiliposoma 40.1. Siku ya tatu alisimama ameachanisha viwiko, hataki kugeuka, na kila alipolazimishwa kupiga hatua aliguna. Maji yenye usaha yalikuwa yamejaa kati ya mapafu na mbavu. Alipona, ila baada ya zaidi ya miezi minne, na kwa gharama iliyozidi bei yake.

Ndiyo maana naandika kwa urefu. Nimonia ya farasi, ambayo wengine huiita kichomi na wengine homa ya mapafu, hatima yake huamuliwa mara nyingi katika siku mbili za mwanzo. Na siku hizo mbili farasi huwa mikononi mwa saisi, yaani mtunza farasi, na mwenye farasi. Daktari wa mifugo huja baadaye, tena mara nyingi kwa kuchelewa kuitwa.

Kichwa cha farasi na mapafu yake

Farasi hupumua kwa pua peke yake. Hawezi kutumia mdomo kama sisi tunavyofanya tukiwa na mafua. Koo lake la hewa lina urefu wa sentimita 75 hivi, na ndani limetandazwa utando wenye vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma makamasi, vumbi na vijidudu kuelekea juu kooni, vikamezwe au vitoke puani. Vinyweleo hivyo vimezoea kusaidiwa. Farasi aliye malishoni hushinda sehemu kubwa ya siku kichwa kikiwa chini akila nyasi, na uchafu wa kooni humteremka wenyewe kuelekea puani. Mfunge kichwa juu, na koo hilo linakuwa bomba lililosimama wima, uchafu ukirudi kifuani.

Bakteria wanaohusika mara nyingi zaidi si wageni. Streptococcus zooepidemicus huishi kooni mwa farasi mzima bila kumdhuru. Tatizo huanza pale wanapoteremka hadi mapafuni wakati kinga imelegea. Farasi akifungwa kichwa juu, saa 6 hadi 12 zinatosha kuanza kuwaongeza kwenye koo la hewa. Safari ya lori inaunganisha kila kitu kibaya kwa pamoja: kichwa juu, vumbi la nyasi, harufu kali ya mkojo, kiu, na hofu inayopunguza nguvu ya mwili kujikinga.

Lori si sababu pekee. Mafua ya farasi na virusi vya hepesi huunguza vile vinyweleo vya kooni, na huchukua wiki 3 hivi kuota upya. Farasi anayerudishwa kazini wiki moja baada ya mafua anakimbia akiwa hana ufagio wa mapafu. Mbio ngumu kwenye vumbi, kulazwa kwa dawa ya usingizi, banda lisilo na hewa, na chakula au dawa iliyopita njia isiyo yake, vyote hufikisha mahali palepale.

Mjue farasi wako akiwa mzima

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kilivyokuwa. Pima kila farasi wako asubuhi na jioni kwa wiki moja akiwa mzima, uandike kwenye daftari linalokaa bandani.

Farasi mkubwa aliyetulia huwa na joto la kati ya nyuzi 37.2 na 38.3 za selsiasi. Hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na moyo hupiga mara 28 hadi 44. Punda ana hesabu yake: joto la 36.5 hadi 37.8, pumzi 12 hadi 28, mapigo 36 hadi 52. Ukimpima punda kwa kipimo cha farasi, homa ya kweli itakupita. Nyuzi 38.3 kwa farasi ni kawaida ya juu. Kwa punda ni ugonjwa.

Kupima joto, simama ubavuni karibu na paja, usisimame nyuma. Paka kipimajoto mafuta kidogo, inua mkia, kiingize taratibu na ukielekeze kiguse ukuta wa utumbo, maana kikizama katikati ya mavi kitakupa namba ya chini kuliko ilivyo. Kifunge uzi wenye kibanio cha nguo, ukibane kwenye nywele za mkia. Pima kabla ya kazi na kabla jua halijamwangukia. Pwani wakati wa kaskazi, farasi aliyetoka juani atakuonyesha joto la juu na pumzi za haraka bila ugonjwa wowote. Mweke kivulini nusu saa, kisha rudia.

Kuhesabu pumzi, usimguse. Simama mbali kidogo nyuma ya bega, tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Usihesabu kwa kutazama pua, kwa sababu akikunusa tu hesabu imeharibika. Mapigo yatafute chini ya taya, kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, pale mshipa unapoteleza chini ya kidole kama kamba laini.

Dalili, kwa mpangilio zinavyokuja

Ya kwanza ni chakula. Farasi anayebakiza chakula anachokipenda ana jambo. Ya pili ni homa: 38.6 kwenda juu, mara nyingi huonekana jioni kabla haijaonekana asubuhi. Ya tatu ni namna ya kusimama, kichwa kimeshuka, masikio yamelegea, haji mlangoni ukimwita. Hapa ndipo watu wengi husema amechoka.

Kikohozi kinaweza kuja au kisije. Narudia kwa sababu kosa hili linaua: farasi anaweza kuwa na nimonia kali bila kukohoa hata mara moja, hasa anapokuwa na maumivu ya kifua, kwani kukohoa kunamuuma. Makamasi nayo hutofautiana. Meupe mazito au ya njano yanayotoka matundu yote mawili yanaelekeza kwenye mapafu au koo. Yakitoka tundu moja tu, fikiria pia jino bovu au usaha kwenye uwazi wa mifupa ya uso. Yakiwa na rangi ya kahawia yenye damu, au pumzi ikinuka kama nyama iliyooza, kuna sehemu ya pafu inayokufa na kuna bakteria wanaoishi pasipo hewa. Harufu hiyo ukiisikia mara moja hutaisahau, na daktari anatakiwa kuambiwa juu yake kwenye simu, kabla hajafika.

Kisha kuna maumivu ya utando unaozunguka mapafu. Tazama kwa makini, maana yanadanganya. Farasi anasimama na viwiko vimetoka nje kama mtu anayezuia nguo mbichi isimguse mbavu. Hatua zake ni fupi. Hataki kugeuka kwenye nafasi ndogo. Ukibonyeza kwa ngumi kati ya mbavu, anaguna au anakukwepa. Anaweza kukwangua ardhi kwa kwato na kutazama ubavu, na mtu akasema ni tumbo. Anaweza kukataa kutembea, mtu akasema ni kwato za mbele zimewaka moto au misuli imekaza. Kipimajoto ndicho kinachosaidia kuamua: tumbo la kawaida na misuli iliyokaza mara nyingi haviji na homa ya 39.5. Baada ya siku chache unaweza kuona uvimbe laini chini ya kifua, kati ya miguu ya mbele, unaobaki na shimo ukiubonyeza kwa kidole.

Dalili za hatari kubwa ni hizi: matundu ya pua yamepanuka wakati amesimama tu, pumzi zaidi ya 30 kwa dakika akiwa kivulini, msuli wa ubavu unajikunja kwa nguvu kila anapotoa pumzi, ufizi umekuwa mwekundu wa kukolea au wa zambarau. Hapo usisubiri asubuhi.

Yanayofanana nayo

Kwetu Afrika ya mashariki kuna ugonjwa mmoja ambao lazima uufikirie kwanza: ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huletwa na virusi vinavyobebwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na huzidi baada ya mvua. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Aina yake ya mapafuni huanza na homa kali, kisha ghafla farasi anahema kwa taabu, ananyoosha shingo, jasho linamtoka, na povu jingi jeupe linatoka puani. Wengi wanaopata aina hiyo hufa, wengine ndani ya saa chache tangu kushindwa kupumua. Aina ya pili huvimbisha yale mashimo yaliyo juu ya macho, kope na shingo. Povu jeupe na mashimo ya macho yaliyojaa si mambo ya nimonia ya kawaida. Ukiyaona, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo, usihamishe farasi yeyote, na wengine wote waingize ndani kabla ya jua kuzama. Antibayotiki haiui virusi hivyo.

Homa yenye uvimbe mgumu chini ya taya, ambao baada ya siku kadhaa hupasuka na kutoa usaha, ni ugonjwa wa majipu ya koo. Unaambukiza sana kwa ndoo, mikono na kamba, na unaweza kushuka ukawa nimonia. Mtenge mgonjwa, na saisi wake asiguse wengine.

Na kama farasi wako anakohoa wiki nyingi bila homa, huku akilala banda moja au akila malisho mamoja na punda, fikiria minyoo ya mapafu. Punda huibeba akiwa mzima kabisa. Farasi ndiye anayekohoa. Ivermektini ya kumeza, miligramu 0.2 kwa kilo, hutibu wote wawili, na kumtibu farasi peke yake ni kufagia ukiwa umeacha dirisha wazi kwa upepo. Kikohozi cha vumbi nacho huja bila homa na huzidi akila nyasi kavu.

Saa ya kwanza

Umepima, ni 39.2, hajala. Sasa fanya hivi kwa mfuatano. Msimamishe kazi papo hapo, hata kama mgeni ameshalipia kupanda. Mtenge na wenzake kwa hewa na kwa vyombo mpaka ijulikane kama anaambukiza. Mfungue kamba ili aweze kuinamisha kichwa. Weka maji safi ndoo mbili, na chakula chake kiweke chini. Piga simu kwa daktari, umsomee namba zote tatu, alichokula, rangi na harufu ya makamasi, kama amesafiri ndani ya wiki mbili, kama amepewa dawa yoyote, na chanjo zake.

Usimpandishe kwenye gari kumpeleka hospitali kabla hujaongea na daktari. Usimnyweshe kitu chochote kwa chupa. Usimchome dawa iliyobaki ya ng'ombe.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Dawa kadhaa zinazotibu mapafu ya ng'ombe vizuri huua farasi. Tailosini na linkomisini huvuruga vijidudu vyema vya utumbo mpana na kuleta kuhara kukali kunakoweza kummaliza. Tilmikosini ni hatari kwa farasi, na sindano yake ikimchoma mtu kwa bahati mbaya inaweza kumuua yeye pia. Doksisaiklini ikitiwa kwenye mshipa wa farasi huweza kumwangusha palepale. Muuza dawa akikuambia "hii ni ya mapafu, mifugo wote sawa," shukuru uondoke.

Daktari atakachofanya

Atasikiliza mapafu pande zote mbili kwa stethoskopu. Farasi aliyetulia hupumua polepole kiasi kwamba hata pafu bovu linaweza kusikika kimya, kwa hiyo daktari anaweza kumvika mfuko mkubwa wa plastiki puani kwa dakika moja au mbili ili avute pumzi ndefu. Kazi yako ni kushika hatamu na kumtuliza. Farasi anayetaabika kupumua hafanyiwi jambo hilo. Sauti ya kukwaruza au ya mapovu inaonyesha ugonjwa; ukimya upande wa chini wa kifua, huku juu pumzi inasikika, unaonyesha maji yamejaa.

Ultrasaundi ndicho kifaa kinachosaidia zaidi. Inaonyesha maji, usaha, na sehemu ya pafu iliyoganda karibu na mbavu, na sasa kuna mashine ndogo zinazobebwa kwenye gari. Damu hupimwa kuona chembe nyeupe na protini zinazopanda mwili unapowaka, kama fibrinojeni. Kisha kuna sampuli ya koo la hewa: daktari hunyoa na kuosha sehemu ndogo mbele ya shingo, hupitisha mrija mwembamba, huingiza maji ya chumvi safi na kuyavuta tena. Sampuli huenda maabara kuotesha bakteria na kujua dawa ipi inawaua. Lipia kipimo hicho. Ikiwezekana kichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya antibayotiki, kwa sababu baada yake maabara inaweza isioteshe chochote, na hapo mtabaki mnabahatisha kwa wiki kadhaa.

Dawa na vipimo vyake

Kipimo huanza na uzito. Zungusha utepe nyuma ya viwiko upate mzingo wa kifua kwa sentimita, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzingo zidisha kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzingo wa 170 na urefu wa 160 ana kilo 389. Kukadiria kwa jicho huwafanya watu kumpa dawa pungufu, na dawa pungufu hufundisha bakteria.

Kabla majibu ya maabara hayajarudi, madaktari wengi huanza na mchanganyiko. Penisilini ya prokaini, yuniti 22,000 kwa kilo, kwenye msuli kila baada ya saa 12. Kwa farasi wa kilo 400 ni yuniti milioni 8.8. Ikiwa chupa ina yuniti 300,000 kwa mililita, hiyo ni mililita 29 kila mara, zote zichomwe sehemu mbili tofauti shingoni, upande mmoja asubuhi na upande wa pili jioni. Tikisa chupa, choma sindano, vuta bomba nyuma uone kama damu inaingia. Ikiingia, toa uchome pengine. Penisilini hiyo ikiingia kwenye damu, prokaini hupanda kichwani na farasi huweza kuruka, kuanguka na kugonga kuta. Saisi asisimame kati yake na ukuta.

Pamoja nayo huja gentamisini, miligramu 6.6 kwa kilo kwenye mshipa mara moja kwa siku, kwa farasi mkubwa. Hii huumiza figo za farasi aliyekaukiwa maji, kwa hiyo kama hanywi mwambie daktari kabla ya sindano. Pumzi ikinuka, au daktari akishuku bakteria wasiotaka hewa, huongezwa metronidazoli ya vidonge, miligramu 15 hadi 25 kwa kilo kila saa 6 hadi 8. Ni chungu, na farasi wengi hukataa chakula kwa ajili yake, basi isage, changanya na sukari guru na maji, umpake juu ya ulimi kwa bomba lisilo na sindano. Nimonia nyepesi iliyowahiwa inaweza kutibiwa kwa dawa ya salfa na trimethoprimu ya kumeza, miligramu 30 kwa kilo kila saa 12, au seftiofuri ya sindano. Uamuzi ni wa daktari.

Kwa homa na maumivu kuna fluniksini, miligramu 1.1 kwa kilo, kwenye mshipa au kwa kumeza. Usiichome kwenye msuli wa farasi hata kama chupa ya ng'ombe imeandikwa hivyo. Huweza kuleta uozo wa gesi ndani ya msuli. Usiizidishe wala kuichanganya na fenilibutazoni, dawa nyingine ya maumivu, kwa sababu tumbo na figo ndizo zitakazolipa. Na kumbuka kwamba fluniksini hushusha joto. Namba nzuri saa 3 baada ya dawa hiyo haikuambii kwamba mapafu yamepona. Pima kabla ya kuitoa.

Antibayotiki hutolewa mpaka daktari aseme basi. Nimonia ya kawaida huchukua wiki 2 hadi 4. Yenye usaha kifuani huenda miezi. Siku ya tano farasi anapoanza kula na kulia bandani, ndipo wengi huacha sindano ili kuokoa fedha. Ugonjwa ukirudi baada ya hapo, hurudi na majipu mapafuni.

Kama kuna maji kifuani, daktari ataganzisha sehemu ndogo kati ya mbavu na kuingiza bomba. Lita 10 au 20 zinaweza kutoka, na farasi huonekana kupata nafuu mbele ya macho yako. Bomba linaweza kubaki siku kadhaa likiwa na vali inayoruhusu maji kutoka na kuzuia hewa kuingia. Saisi apewe kazi ya kulitazama kila saa mbili: limechomoka, limeziba, maji yametoka kiasi gani, rangi gani.

Uuguzi

Dawa bila uuguzi hazimfikishi mbali. Mweke farasi mahali penye hewa inayopita, hata kivuli cha mwembe ni bora kuliko banda zuri lililofungwa. Piga magoti bandani, pua yako iwe usawa wa malalo yake. Ukisikia mkojo unakuwasha macho, ndiyo hewa anayovuta akilala. Toa malalo yote yenye unyevu mara mbili kwa siku. Maranda safi yasiyo na unga ni bora kuliko mabua yenye ukungu.

Nyasi kavu zizamishe kwenye maji dakika 10 hadi 30 kisha zichuruzike, umpe zikiwa mbichi, chini, sio kwenye wavu wa juu. Marobota ya nyasi za Boma Rhodes yaliyokaa stoo kipindi cha mvua yafungue nje na uyanuse. Yenye ukungu yasiingie kabisa. Nyasi za kijani zilizokatwa sasa hivi ndizo zinazomshawishi mgonjwa kula. Mlishe kidogo kidogo. Mpe maji ya vuguvugu kama ni nyanda za juu kwenye baridi, na ndoo moja yenye chumvi kidogo pembeni ya ile ya maji matupu. Mtembeze taratibu mara chache kwa siku ikiwa daktari ameruhusu, mwachie ale majani njiani kichwa kikiwa chini. Nimeona makamasi ya siku nzima yakimwagika katika dakika 15 za malisho ya ukingo wa barabara.

Kila siku shika kwato. Sumu za bakteria huweza kuwasha kwato kwa ndani, na farasi akaokoka mapafu akapoteza miguu. Weka vidole nyuma ya kifundo. Mapigo yanayodunda kwa nguvu na kwato zenye moto ni taarifa ya kumpigia daktari saa hiyohiyo, huku ukianza kuzikanda kwa barafu.

Kupaliwa

Aina moja ya nimonia hutengenezwa na mikono yetu. Mtu anaona farasi au punda ana tumbo au minyoo, anachukua chupa ya soda, anamwinua kichwa, anammiminia mafuta ya kupikia, dawa ya mitishamba au dawa ya minyoo. Mnyama anapaliwa, sehemu inashuka mapafuni. Mafuta ndiyo mabaya zaidi. Pafu haliwezi kuyatoa, na mara nyingi hakuna matibabu yanayoshinda. Dawa ya maji ya wingi hupitishwa na daktari kwa mrija wa puani, akihakikisha umeingia umio na sio koo la hewa. Dawa ya kupaka ulimini haihitaji kuinua kichwa kupita usawa wa bega.

Njia nyingine ni kukwamwa. Punda wa mijini, Lamu na kwingineko, hula vinavyotupwa: kokwa za embe, magunzi ya mahindi. Farasi naye hukwamwa kwa pumba kavu akila kwa pupa. Utaona chakula na mate vikitoka puani, shingo ikinyooshwa. Ondoa chakula na maji yote, acha kichwa chini, ita daktari. Hata kikipita chenyewe, pima joto kutwa mara mbili kwa siku 5, maana nimonia huja baadaye kimyakimya.

Punda anahitaji jicho la ziada. Huficha maumivu, husimama tu na kuinamisha kichwa. Punda asipokula kwa siku mbili, mafuta humwagika kwenye damu na kumharibia ini. Kwake kutokula ni dharura. Usimtenge na mwenzake aliyemzoea. Mweke karibu waonane.

Watoto wa farasi

Mtoto wa umri wa mwezi 1 hadi 6 anayehema haraka, hata kama bado ananyonya, apimwe Rhodococcus equi. Bakteria huyu huishi kwenye udongo na mavi ya farasi, hustawi kwenye vumbi na joto, na hutengeneza majipu mapafuni kabla dalili hazijaonekana. Penisilini haimfikii ndani ya chembe anamojificha. Hutibiwa kwa azithromisini au klarithromisini pamoja na rifampini, kwa wiki nyingi. Mtoto akiwa kwenye dawa hizo mzuie jua la mchana, na mwosha ndoo asiache mabaki yafike kwa mama yake: kiasi kidogo cha dawa hizo kinaweza kumletea farasi mkubwa kuhara kunakoua.

Kurudi kazini, na safari ijayo

Hesabu siku alizokuwa na homa. Kwa kila siku moja mpe wiki moja ya kupumzika, na isipungue wiki 3 tangu homa iishe bila dawa. Aliyekuwa na maji kifuani apumzike miezi 3 hadi 6, na ultrasaundi irudiwe kabla ya tandiko. Anza kwa kutembea. Ukisikia kikohozi anapoanza kukimbia, rudi nyuma wiki mbili.

Yule farasi jike mwekundu alisafiri tena mwaka uliofuata, kurudi Naivasha. Safari hii alipimwa joto jioni kabla ya kupakiwa, kwa kuwa mwenye homa hapandi lori. Kamba ilikuwa ndefu ya kutosha kichwa kufika chini ya kifua. Nyasi ziliwekwa sakafuni, zikiwa mbichi kwa maji. Lori lilisimama kila baada ya saa 4, likapigwa fagio, farasi wakanyweshwa na kufunguliwa vichwa. Asubuhi alipofika aliachiwa malishoni, na saisi wake akampima mara mbili kwa siku, siku 3 mfululizo, akaniandikia namba kwa simu: 37.8, 38.0, 37.6, 37.9, 37.7, 37.7.